Afrika Mashariki Inapakana na Nani? Mwongozo Kamili wa Kumaliza Ubishi wa Kanuni na Ramani Katika Mchezo wa Vita wa Ubaoni

Kila mtaa wa Nairobi una kanuni zake za kadi. Ukitoka Umoja ukaenda kucheza Lang'ata utaambiwa huwezi kumaliza na A, au kwamba asiyetamka "niko kadi" mapema amejinyima ushindi, na ukibisha utaulizwa ulilelewa wapi. Drafti ya vizibo vya soda ni vivyo hivyo: kuna kibanda ambapo kula ni lazima, na kibanda cha pili yake ambapo unaruhusiwa kujifanya hujaona. Ubishi huo hauumizi sana, kwa sababu kadi huchezwa dakika kumi na mchezo mwingine ukaanza. Mchezo wa vita ni habari nyingine. Umekaa saa tatu, umerundika kete ishirini na mbili mpakani, umekula yamini na jirani yako na ukaivunja, halafu mtu anakwambia, "Hapo hupiti."

Sisi tulifika hapo Jumamosi moja usiku, South B, nyumbani kwa binamu yangu, tukicheza Risk, mchezo wa kuiteka dunia kwenye ramani kwa majeshi na dadu. Afrika nzima ilikuwa yangu. Rafiki mmoja alikuwa amekaa Mashariki ya Kati na majeshi kumi na manne. Akaokota dadu, akatangaza kwamba anashambulia Afrika Mashariki. Nikamwambia hakuna njia, na kweli, kwenye ubao ule hapakuwa na mstari wa kuvuka maji kati ya maeneo hayo mawili. Yeye akasema mchezo huo ameucheza tangu darasa la sita na njia ipo. Tulivutana dakika arobaini. Chai ikapoa, watu wawili wakaanza kuita teksi, vita vikafia hapo. Baadaye niligundua kwamba sote wawili tulikuwa sahihi: yeye kuhusu mchezo, mimi kuhusu ubao. Nitaeleza.

Tangu siku ile mimi ndiye mwenye karatasi. Hii ni karatasi moja inayokaa ndani ya sanduku, yenye majibu ya maswali ambayo kijitabu na ramani vimeyaacha wazi. Nitatumia Risk kwa mifano kwa kuwa ndio mchezo tunaoufahamu wengi, lakini kazi ni ileile kwa mchezo wowote wenye ramani na majeshi. Na msingi wake ni mmoja: amua kabla hujajua uamuzi utamfaa nani. Saa kumi jioni, kabla ya dadu ya kwanza, kila mtu mezani ni muungwana. Saa nne usiku kila mtu ni wakili.

Hatua ya kwanza: jua una toleo gani mkononi

Risk ilibuniwa na Albert Lamorisse, mwongozaji filamu wa Ufaransa, ikatoka huko mara ya kwanza mwaka 1957. Tangu hapo imechapwa mara nyingi, na vijitabu vya matoleo yake havikubaliani kwa kila jambo. Watu wawili wanaoapa kwamba "kanuni inasema hivi" huenda wote wanasema kweli, ila kila mmoja alifundishwa kwa sanduku lingine. Kwa uzoefu wangu ubishi mwingi unaanzia hapo, na watu huudhania ni ujanja.

Basi geuza sanduku. Tafuta mwaka uliochapwa kwenye ubao, kwenye kijitabu au chini ya sanduku, uuandike juu ya karatasi yako. Kisha hesabu kadi. Zinatakiwa ziwe 42 za maeneo na 2 za jokeri, jumla 44. Ukikuta pia kadi zinazokuamuru uangamize rangi fulani au uteke mabara mawili, hizo ni za misheni za siri, na toleo lako lina njia nyingine ya kushinda mbali na kuitawala dunia nzima. Sanduku letu tulilipata mitumbani likiwa limefungwa kwa utepe wa mpira, bila kijitabu, na kadi zake zimetoka masanduku mawili. Nusu ziliandikwa Siam, nusu zikataja Asia ya Kusini-Mashariki. Moja ilisema Kongo, nyingine Afrika ya Kati. Ni maeneo yaleyale, majina tu yamebadilishwa kati ya matoleo. Kama na yako yamechanganyika hivyo, andika kwenye karatasi jina gani ni sawa na lipi, usingoje mtu adai majeshi mawili ya ziada ambayo kadi ya eneo lake humpa, kwa eneo ambalo halipo ubaoni.

Baada ya hapo angalia mambo mawili ambayo hutofautiana sana. La kwanza ni thamani ya seti za kadi, yaani kadi tatu za picha moja, au moja ya kila picha, unazobadilisha upate majeshi. Katika mfumo mmoja thamani hupanda kadiri mchezo unavyoendelea: seti ya kwanza kubadilishwa mezani huleta majeshi 4, zinafuata 6, 8, 10, 12, 15, kisha kila seti huongeza 5. Kwa hesabu hiyo seti ya tisa ni majeshi 30. Katika mfumo mwingine thamani haibadiliki: askari wa miguu watatu ni 4, farasi watatu ni 6, mizinga mitatu ni 8, na mmoja wa kila aina ni 10. Hii ni michezo miwili tofauti kabisa. Mfumo unaopanda huumaliza mchezo kwa kishindo. Mfumo usiopanda huwapa nafasi wale wanaojenga polepole. Kwa kikundi kinachotegemea matatu ya kurudi nyumbani, mimi napendekeza unaopanda.

La pili ni kuhamisha majeshi mwishoni mwa zamu. Vijitabu vingine vinaruhusu kutoka eneo moja hadi eneo moja linalopakana nalo, basi. Vingine vinaruhusu kusafiri mbali mradi njia nzima ni yako. Chagueni, andikeni. Msiseme "tutaona."

Hatua ya pili: pangeni nani husikilizwa kwanza

Hili ni fupi. Juu kabisa iwe karatasi ya meza, ile mliyokubaliana wote. Inafuata maneno ya kijitabu cha toleo lenu. Kisha maneno yaliyochapwa kwenye kadi. Kisha mchoro wa ramani. Kumbukumbu ya mtu, hata awe mkubwa wenu kwa umri, haimo kwenye ngazi hii. "Kwetu tulikuwa tukicheza hivi" ni pendekezo la Jumamosi ijayo.

Watu hushangaa kwamba nimeiweka ramani chini. Ramani ni picha, na picha huchorwa na mtu anayetaka ipendeze: anaweka meli, nyangumi na vivuli vya milima, na mahali fulani mpaka unafichwa na mkunjo wa ubao. Ukitaka kujua nani anapakana na nani, usiiulize picha. Tengeneza orodha.

Hatua ya tatu: geuza ramani iwe orodha

Hapa ndipo penye kazi, na ukifanya hatua hii peke yake umeshaondoa nusu ya makelele.

Chukua daftari la mistari. Ubao wa kawaida wa Risk una maeneo 42 katika mabara sita: Amerika Kaskazini 9, Amerika Kusini 4, Ulaya 7, Afrika 6, Asia 12, Australia 4. Kila eneo lipe mstari wake, na kwenye mstari huo andika majirani wake wote pamoja na idadi yao. Mfano: Misri, majirani 4: Afrika Kaskazini, Afrika Mashariki, Ulaya ya Kusini, Mashariki ya Kati. Fanya hivyo kwa kila eneo bila kunakili kutoka mistari ya juu. Yaani ukifika Ulaya ya Kusini, angalia ubao upya, usikumbuke ulichoandika kwa Misri. Sababu utaiona sasa hivi.

Ukimaliza, jumlisha idadi zote 42. Kila mpaka umeandikwa mara mbili, mara moja kila upande, kwa hivyo jumla lazima igawanyike kwa mbili. Ikitoka witiri, kuna mpaka umeuona upande mmoja na kuukosa upande wa pili, na hapo ndipo penye utata ubaoni. Kwenye ramani kamili ya kawaida mipaka ni 83, kwa hiyo jumla ni 166. Ukipata 164, huenda sanduku lako ni kama letu. Ushahidi mwingine wa haraka: kwenye ramani hiyo hakuna eneo lenye majirani zaidi ya sita. Ukiliandikia eneo lolote majirani saba, rudi uangalie.

Sasa turudi Afrika Mashariki. Inaudhi kidogo kwamba katika dunia nzima ya ubao ule, eneo lenye shaka ni lile tunalokalia sisi. Majirani zake ni sita: Misri, Afrika Kaskazini, Kongo, Afrika Kusini, Madagaska na, kuvuka maji, Mashariki ya Kati. Baadhi ya matoleo yalichapwa bila njia hiyo ya mwisho. Lilikuwa kosa la uchapishaji na matoleo ya baadaye yameirudisha. Ndiyo maana rafiki yangu, aliyejifunza kwenye ubao mwingine, alikuwa na haki ya kushangaa, nami niliyekodolea macho ubao wetu nilikuwa na haki ya kukataa.

Je, mstari mmoja una uzito gani? Hesabu milango. Afrika yenye njia hiyo huingiliwa kupitia maeneo matatu: Afrika Kaskazini, Misri na Afrika Mashariki. Ikiondolewa, milango inabaki miwili, na malipo ya kushika bara ni yaleyale, majeshi 3 kila zamu. Linganisha na Amerika Kusini: milango miwili, Venezuela na Brazili, malipo 2. Maana yake, kosa dogo la kiwandani linaifanya Afrika iwe bora kuliko Amerika Kusini bila gharama yoyote, na mwenye Mashariki ya Kati anapoteza moja ya njia zake sita. Mezani kwetu tuliamua njia ipo. Nilibandika kipande cha selotepu juu ya maji nikachora nukta kwa kalamu ya wino mzito. Mngeweza kuamua haipo, na mchezo ungechezeka tu. Kisichochezeka ni kuamua wakati majeshi kumi na manne yameshasimama upande wa pili.

Baada ya Afrika Mashariki, pitia sehemu nyingine za maji. Bahari kwenye ubao huu haipitiki mpaka kuwe na mstari, hata kama maeneo mawili yanatazamana kwa karibu. Alaska na Kamchatka zinapakana ingawa ziko kwenye kingo mbili tofauti za ubao. Mgeni lazima aoneshwe hili kabla ya kuanza, kwa kidole, la sivyo atashambuliwa kutoka nyuma na kudhani ameibiwa. Brazili inafika Afrika Kaskazini. Greenland inafika Iceland. Japani ina njia mbili, Kamchatka na Mongolia. Madagaska ina mbili pia, Afrika Mashariki na Afrika Kusini. Indonesia ndiyo mlango pekee wa bara la Australia, kupitia Siam, na kwa ndani inagusa Guinea Mpya na Australia Magharibi, haigusi Australia Mashariki. Hii ya mwisho nimeiona ikileta ugomvi mara mbili, kwa sababu mistari inapita karibu na kisiwa na macho hudanganyika.

Kisha kuna pembe. Pale maeneo manne yanapokaribia kukutana, mtu hudai kwamba mawili yaliyo mkabala yanagusana nchani. Jipatieni kipimo kimoja kwa ramani yote. Chetu ni hiki: kama mpaka wa pamoja ni mfupi kuliko upana wa kete ndogo ikilazwa juu yake, si mpaka, isipokuwa orodha iseme vinginevyo. Asia ndiko kwenye mitego ya aina hii. Siberia inagusa Mongolia na China. Yakutsk haigusi Mongolia. Ural inagusa China. Kamchatka inagusa Mongolia, jambo ambalo watu wengi hawaamini hadi waoneshwe.

Wale wanaocheza Diplomacy, mchezo wa Allan Calhamer uliotoka mwaka 1959, watakuwa wanatabasamu. Kule hakuna dadu. Amri zinaandikwa kwenye karatasi kwa siri, kwa hiyo ramani yenye utata ni msiba mkubwa zaidi. Maeneo matatu, Uhispania, Bulgaria na St. Petersburg, yana pwani mbili zisizoungana, na meli ikielekea huko lazima uandike ni pwani ipi. Kiel na Constantinople ni nchi kavu, lakini meli hupita kutoka upande mmoja hadi wa pili. Uswisi haikanyagwi na yeyote. Roma na Venice zinapakana, ila kwa nchi kavu tu, hivyo jeshi linapita na meli haipiti. Kama huo ndio mchezo wenu, orodha yenu iwe na safu mbili: majirani wa jeshi na majirani wa meli. Usijaribu kuziunganisha, nilijaribu, nikatupa karatasi.

Hatua ya nne: kanuni zinazozua kelele

Sitapitia kijitabu chote. Haya ndiyo ninayoyasoma kwa sauti kabla ya kuanza, mtu apende asipende.

Sare, yaani dadu zikitoa namba sawa, ni ya anayejihami. Hili limeandikwa wazi, bado kuna watu hulisahau kwa makusudi. Tazama uzito wake: dadu moja dhidi ya moja, mshambuliaji hushinda mara 15 kati ya 36. Mkimpa yeye sare, anashinda mara 21 kati ya 36. Mmeugeuza mchezo mzima kwa neno moja.

Idadi ya dadu inatangazwa kabla ya kurusha. Mshambuliaji hurusha hadi tatu, na lazima awe na angalau jeshi moja zaidi ya idadi ya dadu anazorusha; anayejihami hurusha hadi mbili. Swali linalokuja ni kama anayejihami anaweza kungoja aone dadu za mwenzake ndipo aamue moja au mbili. Meza nyingine huruhusu. Mimi sitaki. Kama mwenzako ametoa sita mbili, utarusha moja ili upoteze jeshi moja tu, na kama ametoa mbili na moja utarusha zote ufaidi. Hiyo inaharibu mizani ya dadu tatu dhidi ya mbili, ambapo mkirusha bila kuchungulia mshambuliaji huondoa majeshi mawili kwa takriban asilimia 37, anayejihami huondoa mawili kwa asilimia 29, na asilimia 34 iliyobaki kila mmoja hupoteza moja. Mizani hiyo ndiyo inayowafanya watu washambulie badala ya kukaa wakitazamana usiku kucha.

Ukiteka eneo, unaingiza majeshi yasiyopungua idadi ya dadu ulizorusha mara ya mwisho, na nyuma hubaki angalau moja. Mtu aliyeteka kwa dadu tatu hawezi kuingiza mmoja.

Kadi ni moja kwa zamu. Uteke eneo moja au uteke tisa, unachukua kadi moja mwisho wa zamu. Ukianza zamu na kadi tano, lazima ubadilishe seti. Na lile linalowatatiza wengi: ukimmaliza mchezaji, unarithi kadi zake. Ikiwa sasa una sita au zaidi, unabadilisha papo hapo katikati ya mashambulizi, hadi ubaki na nne au chini yake, na hapo unakoma. Ikiwa hujafika sita, subiri zamu yako ijayo. Nimeona mtu akirithi kadi mbili, akawa na tano, akabadilisha papo hapo na kuizoa Ulaya yote. Hakuna aliyekagua. Ulikuwa wizi, na hata yeye hakujua.

Majeshi mawili ya ziada kwa kadi yenye picha ya eneo lako huwekwa kwenye eneo lilelile, na ni mara moja kwa kila zamu hata kama kadi zote tatu zinaonesha maeneo yako.

Hesabu ya nyongeza hufanywa mwanzo wa zamu: maeneo gawa kwa tatu, masalio yanatupwa, na hupati chini ya 3. Maeneo 11 ni majeshi 3. Maeneo 14 ni 4. Kisha ongeza malipo ya bara. Bara ulilolipoteza kabla zamu yako haijafika halikulipi chochote, hata ulie.

Kwa wenye misheni: andikeni nini hutokea kama rangi uliyoambiwa uiangamize ni yako mwenyewe, au imeangamizwa na mwingine. Kawaida misheni hugeuka kuwa kuteka maeneo 24. Msipoandika, mtu atadai kushinda kwa kazi ya mwenzake.

Na mikataba ya amani? Kijitabu hakiilindi. Ahadi ya mezani ina nguvu ya mdomo uliotoa. Sisi hatuiandiki kwa karatasi, na yeyote anayekuja na "lakini aliniahidi" anaambiwa atafute mzee wa mtaa.

Hatua ya tano: ubishi ukizuka katikati

Utazuka tu, hata mkiwa na karatasi. Mikono yote ibanduke ubaoni. Hii ni muhimu kuliko inavyosikika, kwa sababu kete husogea zenyewe watu wanapofoka. Mmoja asome karatasi kwa sauti, kisha kijitabu. Soma sentensi nzima, usisome nusu inayokufaa. Dakika tano kwa simu, hakuna nyongeza.

Kama jibu halijapatikana, aamue mtu asiyeguswa. Kwetu ni yule aliyetolewa mchezoni wa kwanza. Yupo tu pale anakula mandazi, apewe kazi. Ana kinyongo na aliyemtoa, ni kweli, basi ikiwa aliyemtoa ndiye mwenye kesi, dadu iamue: 1 hadi 3 ndiyo, 4 hadi 6 hapana. Uamuzi wowote utakaotoka unadumu mchezo ule pekee, na unaandikwa nyuma ya karatasi kwa penseli. Wiki inayofuata, kabla ya kuanza, mnaujadili kwa akili tulivu na kuuandika kwa wino au kuufuta.

Kurudi nyuma kuna mwisho wake. Kosa likigunduliwa ndani ya zamu ileile, rekebisheni. Zamu ikishapita, imepita. Nilipinga kanuni hii mpaka siku moja tulipojaribu kurudisha zamu tatu, na hakuna watu wawili waliokumbuka idadi moja ya majeshi Ukraine.

Ajali za nyumbani

Kijitabu kimeandikwa na watu ambao stima haiwapotelei. Stima ikikatika dadu zikiwa hewani, mrusho ule haupo. Washeni tochi ya simu, rusheni upya. Dadu iliyoanguka sakafuni hurudiwa, na iliyoegemea ukingo wa ubao au kete hurudiwa pia, lakini ni ile moja tu, nyingine zibaki zilivyo. Ukirusha nje ya kifuniko cha sanduku, mrusho haupo. Kifuniko ndicho uwanja wa dadu; kinazuia pia ubao kutetemeshwa na wale wanaorusha kana kwamba wanampigia Arsenal penalti.

Mwisho wa kila mzunguko mtu mmoja apige picha ya ubao kutoka juu. Mtoto wa binamu yangu ana miaka minne na anapenda kete nyekundu. Bila picha, Amerika Kaskazini ingekuwa imetawaliwa na yeye mara kadhaa.

Wekeni pia saa ya kufunga, na muiseme mwanzoni. Sisi tunaanza mzunguko wa mwisho saa tatu na nusu usiku, wa Kayole na Rongai wapate matatu. Mshindi ni mwenye maeneo mengi. Wakilingana, mwenye malipo makubwa ya mabara. Wakilingana tena, mwenye majeshi mengi. Mwisho unaojulikana huwafanya watu washambulie kama wazimu raundi ya mwisho, kwa hivyo tuliongeza kwamba saa ikifika dadu hurushwa moja, na ikitoka 5 au 6 kuna mzunguko mmoja zaidi. Hapo hakuna anayethubutu kuacha nyuma mpaka mtupu.

Kuiandaa karatasi yenyewe

Upande wa mbele ni orodha ya majirani, maeneo 42 katika safu mbili, kwa herufi zinazosomeka na mtu aliyeketi upande wa pili wa meza. Upande wa nyuma ni toleo na mwaka, mfumo wa kadi, kanuni ya kuhamisha, mistari ya hatua ya nne, saa ya kufunga, na nafasi tupu chini kwa ajili ya penseli. Ikizidi karatasi moja, hakuna atakayeisoma. Ichape saiba, nakala mbili. Moja ilaminetiwe ikae sandukuni. Nyingine usiilamineti, maana penseli haiandiki juu ya plastiki. Mimi nililifahamu hilo baada ya kulipa.

Mgeni akija, mpe dakika tano na karatasi kabla ya kupewa rangi. Muulize swali moja tu la kumpima: Kamchatka inapakana na nani? Akitaja Alaska, Yakutsk, Irkutsk, Mongolia na Japani, yuko tayari, mgawie majeshi: 35 kama mko watatu, 30 kama mko wanne, 25 kama mko watano, 20 kama mko sita.

Karatasi yetu sasa ina mistari kumi na sita ya wino na mmoja wa penseli. Wa penseli unauliza kama mchezaji aliyelala usingizi kwenye kiti, zamu yake ikafika, anarukwa au anaamshwa. Mwenye kiti hicho anasema aamshwe. Mwenye Siam anasema arukwe. Tutaliamua Jumamosi, kabla ya dadu ya kwanza.